Mficha Maradhi na Sisi Tunaomfanya Afiche

Hotuba kwa wauguzi, Mombasa. Imeandikwa kamili kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.

Wauguzi wenzangu, maafisa wa kliniki mliojibanza huko nyuma karibu na feni, wanafunzi mlioletwa bila kuulizwa: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Ambao hamjaitikia yoyote, hamjambo?

Sote tumewahi kumwambia mgonjwa ile methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunaisema tukiwa tumeshika faili, na sauti ya ukali kidogo, kana kwamba kosa ni lake peke yake. Leo nataka tuigeuze upande wa pili. Mgonjwa aliyeficha, nani alimfundisha kuficha? Getini aliulizwa nini, na soja gani? Mezani aliulizwa nini, mbele ya watu wangapi? Alipotamka neno moja la kweli, alionyeshwa uso gani?

Nazungumzia watu waliopigwa, waliobakwa, waliochomwa au kufukuzwa nyumbani kwa sababu ni mashoga au wasagaji, au kwa sababu mtu fulani alidhani hivyo. Hilo la kudhaniwa lishikeni. Kuna wanaopigwa kwa mwendo wao tu, au kwa sauti nyembamba, au kwa kuwa wamefika miaka thelathini na hawajaoa. Aliyevunjwa mbavu kwa kushukiwa amevunjika mbavu zile zile.

Mifano ya wagonjwa nitakayoitoa nimeiunda kwa ajili ya kufundishia. Msihangaike kutafuta ni nani. Kesi ya mahakama na kisa cha Mtwapa nitakavyotaja ni vya kweli.

Tuanze na kijana wa kwanza. Ni saa tano usiku, kasualti imejaa, benchi halina nafasi. Anaingia akitembea mwenyewe, kofia ya jaketi imemfika machoni. Unamuuliza, "Umepatwa na nini?" Anajibu, "Nimeanguka na bodaboda." Hapa mjini jibu hilo halimshangazi mtu. Unaandika ajali ya barabarani. Anashonwa juu ya jicho, anapigwa sindano ya pepopunda na sindano ya diklo ya maumivu, anakwenda zake. Siku ya tatu analetwa kwa tuktuk. Uso umevimba, anatapika, na hajakojoa tangu jana.

Tulikosea wapi? Tulikosea kwenye viganja. Aliyeanguka na bodaboda hutua kwa mikono: viganja vimechunika, viwiko na magoti vimekwaruzwa, mara nyingi upande mmoja wa mwili, na ndani ya kidonda mna mchanga na vijiwe vya lami. Kijana huyu viganja vyake vilikuwa safi. Angevuliwa shati, mngeona mgongo. Fimbo au chuma cha mviringo huacha mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba, na katikati pamebaki rangi ya kawaida, kwa sababu damu husukumwa pembeni pale chuma kinapotua. Hakuna lami inayochora mistari hiyo. Mngeona makalio na nyuma ya mapaja, mahali ambapo mtu hupigwa akiwa amelazwa kifudifudi. Na mngeona mkono wa chini, upande wa kidole kidogo, umevimba: ndio mfupa unaovunjika mtu anapoinua mkono kukinga kichwa.

Kwenye ngozi zetu nyeusi, michubuko mipya haionekani vizuri, na wengi wetu tulisomea picha za ngozi nyeupe. Basi gusa. Pitisha mgongo wa mkono wako kwenye mgongo wa mgonjwa, utafute joto na uvimbe, na uangalie ni wapi anakunja uso. Mwambie arudi baada ya siku mbili. Alama nyingi hujitokeza wakati huo, na huo ndio wakati wa kuzichora tena kwenye mchoro wa mwili.

Dalili nyingine haziko mwilini. Amechelewa kuja, siku moja au mbili. Maelezo yanabadilika kati ya meza ya kwanza na chumba cha kushonewa. Anauliza mara tatu, "Hii inaandikwa wapi?" Anashtuka askari akipita kwenye korido. Au hana simu, hana pochi, hana viatu, na hataki mtu wa nyumbani kwao apigiwe. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Tatu pamoja zinatosha kukufanya ufunge mlango na uulize upya.

Unauliza vipi? Hapa ndipo tunapoharibu. Tunauliza, "Kwani wewe ni shoga?" Ndugu zangu, swali hilo halina kazi ya kitabibu hata kidogo, na hapa pwani neno lenyewe lina nyuso mbili: mama wa Majengo humwita rafiki yake "shoga yangu" kwa mapenzi, na kijana wa mtaa uohuo hulisikia likirushwa pamoja na jiwe. Huhitaji kujua yeye ni nani ndipo umtibu. Unahitaji kujua alifanywa nini, na kwa kitu gani, na kama aliyefanya anamngoja nje.

Kwa hiyo, kwanza mtenge na aliyekuja naye. Pili, sema maneno kama haya, polepole, ukiwa umekaa: "Kaka, majeraha kama haya mara nyingi nayaona kwa mtu aliyepigwa. Sikuulizi ili nikuhukumu. Nikijua ulivyopigwa, nitajua cha kupima. Utakachoniambia ni cha matibabu yako." Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Muuguzi hodari huharibu mambo kwa kuujaza ukimya. Akikataa kusema, usimbane. Mwambie, "Sawa. Ukibadili nia hata kesho, niulizie," na umpime kama mtu aliyepigwa, maana macho yako yameshaona.

Turudi kwenye diklo, kwa sababu hapa ndipo ukweli na dawa hukutana. Mtu aliyepigwa na watu wengi kwa muda mrefu, misuli yake hupondeka. Misuli iliyopondeka humwaga protini iitwayo mayoglobini kwenye damu, na mayoglobini ikifika kwenye figo huziba vijifereji vyake. Mkojo unakuwa wa rangi ya strungi. Kijana anaweza kuwa anaongea, anakuomba chai, na figo zinafungwa. Potasiamu nayo hutoka kwenye misuli hiyohiyo na kupanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Sasa wewe unampiga diklo, dawa inayopunguza damu kwenda kwenye figo hizohizo! Wala si diklo tu, ibuprofeni ni ukoo mmoja, na jentamaisini, ile antibayotiki, nayo si rafiki wa figo.

Kwa hiyo, aliyepigwa sana mgongoni, makalioni na mapajani: mkojo upimwe kabla hajaondoka. Chovya kijiti cha kupimia. Kikionyesha damu nyingi, halafu maabara wakatazame kwenye darubini na wasione chembe nyekundu, hiyo ni mayoglobini mpaka ithibitishwe vingine. Mjulishe daktari papo hapo. Dripu ya chumvi ya kawaida ianzwe mapema. Kwa mtu mzima mwenye moyo na mapafu mazima huanza na lita moja kwa saa kwa amri ya daktari. Usitundike dripu yenye potasiamu. Weka mpira wa mkojo na uandike kila saa umetoka kiasi gani. Shabaha ni mililita 200 hadi 300 kwa saa. Chukua damu ya kupima potasiamu, kriatinini inayoonyesha hali ya figo, na kimeng'enya cha misuli, na moyo upimwe kwa ECG, mashine inayochora mapigo yake. Maumivu yatibiwe, tena yatibiwe vizuri: parasetamoli gramu moja, na daktari akiona vyema, tramadoli au mofini. Mtu asiachwe kulia eti kwa kuwa tumeogopa diklo.

Mnaona sasa? Uongo wa bodaboda ungemuua. Na aliusema kwa sababu ukweli, pale mezani mbele ya benchi lililojaa, ulikuwa ghali mno.

Mgonjwa wa pili ni dada wa miaka ishirini na kitu, ameletwa na kaka zake wawili. Wao ndio wanaoongea. Wanasema ana mashetani, amekuwa akisumbua, ameanguka ngazini. Yeye ameangalia chini, leso imezungushwa shingoni ingawa joto la Machi linajulikana. Sauti yake ina mkwaruzo.

Wenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wanawake hawa, mara nyingi anayepiga ni wa nyumbani, na ndiye anayemleta, na ndiye aliyekaa na kadi ya hospitali. Utamtenganisha vipi bila vita? Usiwafukuze kaka. Mwambie dada anahitajika kutoa mkojo. Msindikize mwenyewe mpaka choo cha wanawake, na huko mlangoni ndipo uulize. Hakuna kaka atakayekufuata humo. Mkojo wenyewe unauhitaji kweli, kwa hiyo hukudanganya mtu.

Leso ikitoka shingoni, tazama vizuri. Kukabwa ni jambo tunalolidharau kwa sababu halitoi damu. Mishipa ya shingo ikibanwa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, na wengi waliokabwa hawana alama yoyote ya nje. Ulizeni haya manne, kila mara: Sauti imebadilika? Kumeza kunauma? Ulipoteza fahamu, au kuna kipande cha tukio usichokikumbuka? Ulijikojolea? Kisha vuta kope la chini uangalie vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano. Tazama pia nyuma ya masikio na kwenye kaakaa. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, huyu haendi nyumbani leo. Hatari ni mbili: njia ya hewa inaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, na ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo unaweza kuwa umechanika kwa ndani ukatupa donge kwenye ubongo, siku kadhaa mbele. Binti wa miaka ishirini anayepooza upande mmoja wiki moja baada ya "kuanguka ngazini" hakurogwa. Daktari aamue juu ya picha ya mishipa ya shingo. Kazi yako ni kuhakikisha swali limefika kwake likiwa limeandikwa.

Tazama vifundo vya mikono na miguu pia. Alama ya kamba huzunguka, na mara nyingi ngozi imechunika upande wa nje ambako alivuta. Michomo midogo ya mviringo inayolingana, au kovu la moto nyayoni, mtu hajiungui hivyo jikoni. Mara nyingine familia husema ilikuwa tiba, au maombi. Sina ugomvi na dua ya mtu yeyote. Lakini kamba ni kamba, na kuungua ni kuungua, andika ulichokiona.

Na ulizeni kuhusu kubakwa. Najua ni zito. Wanawake hawa wengine hubakwa "ili wanyooshwe", mara nyingine na mtu aliyechaguliwa na jamaa. Mwenzetu akisikia ni msagaji hujisemea, basi mimba si tatizo, anaruka kipimo cha mimba. Aliyembaka ni mwanamume! Pima mimba. Kama ni hasi na hazijapita saa 120, mpe dawa ya dharura ya kuzuia mimba, levonogestreli miligramu 1.5 kwa mara moja. Mapema ni bora. Na mwanamume mwenye tumbo la uzazi, yaani transijenda aliyezaliwa na mwili wa kike, naye anahitaji kipimo hichohicho. Yeye hatakiomba. Ataona haya.

Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ina dirisha la saa 72, na kila saa inayopita linazidi kuwa jembamba. Dozi ya kwanza imezwe kabla ya maswali marefu, kabla ya fomu, kabla ya polisi. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, kila siku, siku 28. Pima virusi mwanzoni, lakini usingojee mshauri wa kupima afike asubuhi ndipo umpe dozi. Rudia kipimo kati ya wiki ya 4 na ya 6, na miezi 3. Chanjo ya homa ya ini B: leo, mwezi 1, miezi 6. Pepopunda, na dawa za magonjwa ya zinaa kwa mujibu wa mwongozo ulio ukutani kwenu. Akiwa tayari anaishi na virusi, muulize vidonge vyake viko wapi. Aliyefukuzwa usiku Likoni akavuka feri na nguo alizovaa hakubeba chupa ya dawa, na hakuna anayekumbuka kumuuliza.

Sasa ushahidi. Nitakwenda haraka kwa yale mnayoyajua: idhini kwa kila hatua, glavu mpya kwa kila sampuli, pamba ikaushwe kwa hewa kabla ya kufungwa. Nguo zivuliwe akiwa amesimama juu ya karatasi safi, kila nguo kwenye bahasha yake ya kaki. Karatasi, jamani, karatasi! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini kwenye ushahidi wa ubakaji bado ninyi mnaipata sijui wapi. Ndani ya plastiki unyevu hubaki, ukungu huota, na ushahidi unaoza. Ukikata nguo, usipitishe mkasi kwenye tundu la kisu. Na kila bahasha inapobadilisha mikono, jina, saa, sahihi. Sahihi moja ikikosekana wakili atapita hapohapo.

Fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, ina nakala tatu: ya polisi, ya mgonjwa na inayobaki hospitali. Nakala ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Msimnyime, lakini muulizeni kwanza kama ana mahali salama pa kuiweka, maana karatasi hiyo ikikutwa chini ya godoro inaweza kuleta kipigo cha pili. Akitaka muitunze, itunzeni. Matibabu hayangoji nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuandikwa kwa wanawake peke yao. Mwanamume aliyebakwa ni aliyebakwa, na anatibiwa kwenye hospitali ya umma bila malipo kama mwingine. P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, nayo hutolewa bure.

Hapa sasa lazima niwape kile kisa cha kweli, kwa sababu kilitokea huku kwetu. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale kwa kushukiwa kufanya mapenzi ya jinsia moja. Wakaletwa hospitali hapa Mombasa. Wakalazimishwa kupimwa sehemu ya haja kubwa, na kupimwa virusi na homa ya ini, ili ipatikane hoja ya kuwashtaki. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa askari. Walikuwa watu wenye makoti kama yetu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikakubali kwamba ni sawa. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Kenya kikapinga vipimo hivyo. Na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapahapa Mombasa, ikasema ni kinyume cha Katiba.

Basi akija afisa na mtu mwenye pingu akakwambia, "Sista, tunataka mumwangalie kama ni hao," jibu lako ni moja. "Afande, mgonjwa huyu hajakubali, na kipimo hicho hakifanyiki." Andika saa, jina la aliyeomba na jibu lako kwenye faili. Kipimo chenyewe ni upuuzi wa kitabibu: misuli ya pale haimwambii mtu amelala na nani. Na kinyume chake ni kweli pia. Mtu aliyebakwa anaweza asiwe na mchaniko wowote, kwa hiyo kutoona jeraha kusimfanye mtu aandike "hakubakwa".

Kuna mkono umeinuka huko, nalitia swali lake mdomoni mwangu: "Na sheria je?" Ndiyo, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, vipo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa. Sijaja kuwadanganya. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Cha 29 kinamlinda kila mtu dhidi ya ukatili. Cha 31 kinalinda faragha. Kupigwa hadi figo zikafunga ni jinai aliyotendewa yeye. Hakuna aliyekuajiri uwe mpelelezi wa kitanda chake. "Na dini yangu?" Dini yako baki nayo, hakuna anayekuomba utoe fatwa wala mahubiri mtu akiwa ametundikiwa dripu. Ukiona kabisa huwezi kuuzuia uso wako, mwite mwenzako akupokee. Uso ukikunjwa mara moja tu mgonjwa ameshajua, ataomba kwenda msalani, na hatarudi.

Kuandika. Andika maneno yake ndani ya alama za kunukuu: "Walinifungia chumbani, wakanipiga na waya." Usiandike "anadai". Usiandike "ni shoga" kwenye kichwa cha faili, wala kwenye ubao wa wodi, wala kwenye rejista inayokaa wazi kaunta. Kama yeye mwenyewe amesema alipigwa kwa sababu hiyo na anataka iandikwe kwa ajili ya kesi, nukuu. Asipotaka, jeraha linaandikwa na sababu inabaki. Picha za majeraha zipigwe kwa kamera ya hospitali na kwa idhini yake. Simu yako haihusiki. Grupu la WhatsApp la wodi halihusiki. Mmenielewa? Grupu la wodi halihusiki!

Kwa transijenda, kitambulisho kinaweza kuwa na jina lisilolingana na anayesimama mbele yako. Muulize, "Ungependa nikuite nani?" Jina la kitambulisho libaki kwenye faili, ukimwita kwenye benchi, tumia jina la ukoo au nambari. Na kabla ya kumlaza, muulize ni wodi gani atalala bila hofu. Chumba cha pembeni kikiwepo, ndicho.

Mgonjwa wa mwisho alitegwa kwa simu. Walichat wiki mbili, akaalikwa chumbani Kisauni, akakuta wanaume wanne. Wakampiga, wakamvua, wakamrekodi, wakamlazimisha kutoa namba ya siri ya M-Pesa, wakabaki na simu. Mkamtibu vizuri. Siku ya saba, muuguzi mwenye bidii anapiga ile nambari iliyo kwenye faili: "Habari, ni hospitali, tunakukumbusha dawa zako za kuzuia virusi." Na anayepokea ni nani?

Ndiyo. Mmemaliza wenyewe.

Kwa hiyo kabla hajaondoka, muulize nambari ipi iko mikononi mwake leo. Muulize ujitambulishe vipi. Pengine wewe ni "yule dada wa duka". Msaidie afungie laini na M-Pesa kwa kampuni ya simu kabla ya kulala. Mwambie asifute vitisho anavyotumiwa. Avihifadhi, ni ushahidi. Kumlipa anayetishia kusambaza video hakumalizi, huja tena mwisho wa mwezi. Muulize usiku huu analala wapi, nani ana ufunguo wa hapo, na kama aliyempiga anapajua. Kama hana pa kwenda, mwite afisa wa ustawi wa jamii kabla hujaandika ruhusa. Mpe nambari 1195, ya msaada kwa walioathiriwa na ukatili wa kijinsia, haina malipo. Akiwa chini ya miaka 18, afisa wa watoto lazima aingie, lakini mweleze mtoto kwanza kwamba utamwita, na kwa nini.

Kuhusu roho yake nitasema machache. Kutolala, kushtuka, kuona tukio likijirudia, wiki za mwanzo ni kawaida, mwambie hivyo. Usimsukume asimulie yote, na usimtulize kwa diazepamu kwa sababu tu halali. Lakini muulize wazi, "Umefikia kuwaza kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake mpaka aonwe na mtu wa afya ya akili.

Na tusidhani ukuta wa hospitali unatosha. Februari 2010, hapo Mtwapa, baada ya uvumi wa harusi ya wanaume wawili, umati ulizingira kituo cha afya kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi. Kwa hiyo soja wenu wa getini naye aingie kwenye mafunzo haya. Ajue kutomtaja mgonjwa kwa mtu anayeuliza "yule jamaa mlaini yuko wodi gani?" Ajue mlango wa nyuma uko wapi na ufunguo unakaa kwa nani usiku.

Kesho mkifika kazini, kila mmoja atafute kwenye kituo chake chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Pazia halihesabiwi; pazia linazuia macho, masikio yanapita. Kama hakuna, tafuteni stoo, tafuteni chumba cha chanjo mchana kikiwa hakina watu, na mkubaliane zamu nzima jina la kawaida la chumba hicho ili ukisema "mpeleke chanjo" mwenzako aelewe bila kuuliza.

Saa yangu imekwisha. Maswali. Yule dada aliyeinua mkono tangu nilipoitaja diklo, anza wewe.